Bunia, Mji wa Vikombe Viwili



Kama unatoka Mongbwalu kwa moto, nguo zote vumbi, unajua umekaribia Bunia wakati mabati ya nyumba yanaanza kushikana na watoto wa masomo wanakuwa wengi njiani. Leo nakuomba unifuate kidogo katika mji huu ninamokaa. Tutaanza katikati ya mji, tutapita sokoni, tutapanda gari ya Mambasa, kisha tutarudi nyumbani kwangu. Maana neno lenyewe ninalotaka kukuambia liko kwangu, ndani ya kabati ya vyombo.

Barabara kubwa ya Bunia inaitwa Boulevard de Libération. Hapo utaona wanunuzi wa zahabu na mizani yao ndogo, maduka ya simu, magodoro yamepangwa nje, vijana wa moto wakiita abiria. Lakini tazama vizuri. Kati ya maduka mapya kuna nyumba za zamani za matofali, zenye baraza pana na miti mikubwa mbele. Zile zilikuwa za Wazungu: Wabelgiji wa serikali, na Wagriki wenye biashara. Wazee wetu hawakukaa pale. Katika miji ya Kongo ya wakati ule Mzungu alikuwa na upande wake, na Mweusi upande wake, ulioitwa site. Ninyi wa kambi za zamani za Kilo-Moto mnajua jambo hilo kuliko mimi. Zahabu ya Kilo ilionekana mwaka 1903, kampuni ikaundwa mwaka 1926, na wazee wenu wamewaonyesha nyumba za wakubwa zilikuwa wapi na safu za wafanyakazi zilikuwa wapi.

Mzee mmoja wa Nyakasanza, ambaye sasa amelala, alikuwa boyi wa Mzungu hapa mjini. Alinieleza namna alivyotumwa kununua nyama. Hakuingia dukani. Alisimama nyuma, kwenye dirisha dogo, akatoa pesa, akapokea kilichofungwa. Hakuchagua. Nilimwuliza kama jambo hilo ndilo lilimuuma zaidi. Akasema hapana. Kilichomuuma ni kwamba Mzungu wake alimwita "boyi" tangu akiwa kijana mpaka akawa baba wa watoto sita. Miaka yote ile hakumwuliza jina lake, na kila asubuhi alikunywa kahawa iliyopikwa na mikono yake.

Serikali ya kikoloni ilijaribu kulainisha mambo kwa namna yake. Mwaka 1948 ilitoa kadi kwa Weusi walioonekana "wamestaarabika," wale walioitwa evolue. Mwaka 1952 ikaongeza daraja la juu zaidi, kuandikishwa, na kuipata ilikuwa kazi ngumu: watu walikuja nyumbani kuangalia kama unalala vizuri, kama choo ni safi, kama unakula mezani pamoja na mke wako. Patrice Lumumba mwenyewe alikataliwa mara ya kwanza, akaipata baadaye, mwaka 1954 kule Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani. Na tarehe 30 Juni 1960, mbele ya mfalme Baudouin, Lumumba huyo alikumbusha matukano yale ya kila siku, hata jambo dogo la Mzungu kumwambia mtu mzima "tu" kama anavyomwambia mtoto, na kujiwekea "vous" yeye mwenyewe. Hapa Bunia tuna kartie yenye jina lake. Watu wanapita pale kila siku wakienda sokoni.

Sitaki kusema hakuna kilichobadilika. Mwaka 2020 mfalme Philippe wa Ubelgiji aliandika kwamba anajutia mateso ya wakati ule, na Juni 2022 alikuja Kinshasa akasema vilevile. Mwaka huohuo jino la Lumumba, kitu pekee kilichobaki cha mwili wake, lilirudishwa, likatembezwa na kuzikwa. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 13, inakataza Mkongomani yeyote kubaguliwa kwa sababu ya rangi au kabila lake. Na zile nyumba zenye miti mikubwa, leo tunakaa sisi.

Basi, nafikiri unangoja niendelee na Wazungu. Hapana. Mzungu alikwisha kupanda ndege. Twende sokoni.

Pale pembeni, baada ya wauza sombe, mara nyingine utamwona mama mfupi ameketi chini na kifungu cha majani ya mangongo, au chupa mbili za asali ya porini. Sikiliza namna anavyoitwa. Mama anayeuza mihogo karibu naye anaitwa "mama." Hata yule kichaa anayezunguka soko anaitwa "papa." Kwetu Kongo mtu mzima bila "papa" au "mama" ni kama umemvua nguo. Lakini huyu wa asali anaitwa: "We Mambuti! Leta hapa!" Mnunuzi ndiye anataja bei. Anaonja asali kwa kidole, anatikisa kichwa, anasema ina maji, anatupa franka kidogo juu ya kitambaa. Nimeona mama mmoja wa kanisa, mwenye Biblia ndani ya kikapu, akifanya hivyo vizuri sana. Nilimsalimu, nikapita.

Bambuti ni wenyeji wa msitu wa Ituri. Wamekaa karibu na Babila, Balese, Bandaka na wengine kwa muda mrefu kuliko mtu anavyoweza kuhesabu. Wao walileta nyama, asali na majani ya kuezeka nyumba. Wengine walitoa ndizi, mihogo na chuma. Lakini kando ya biashara hiyo kulikuwa na neno baya, na bado liko: "Mambuti wangu." Mtu wa kijiji anasema hivyo kama anavyosema "mbuzi wangu." Baba alimrithisha mtoto. Kazi ya shamba ya siku nzima ililipwa kwa kopo la pombe. Na wewe wa machimbo, usiseme mambo haya ni ya wakulima tu. Nani alikuonyesha njia ya kufika kwenye mto ule ndani ya msitu? Nani alibeba mfuko wa mchanga mgongoni? Alilipwa sawa na wenzake? Kama ndiyo, nafurahi, na uniandikie.

Wengine watasema: Mchungaji, hiyo siyo ubaguzi wa rangi, sote ni Weusi. Nilifikiri hivyo mimi pia. Lakini ubaguzi ni kitu gani? Ni kumwangalia mtu pua, urefu, ngozi, kisha kusema: huyu amezaliwa wa kutawala, huyu wa kulima, huyu wa kubeba. Wabelgiji walitupanga hivyo hapa Ituri. Waliandika kwamba Mhema ana akili ya kuongoza, kwamba Mlendu ni mtu wa nguvu na kichwa kigumu, na Mambuti walimpima kichwa kama mtu anayepima mnyama. Nafasi za masomo na za uchifu zilifuata maandishi hayo. Tumelipa sana kwa hesabu ile. Kati ya mwaka 1999 na 2003 watu zaidi ya 50,000 walikufa Ituri. Usiniulize mimi ni kabila gani. Hapa Bunia mtu akiuliza hivyo, tunajua bado anahesabu makaburi. Nitasema hili tu: katika miaka ile, wakati Bunia ilikatwa vipande na mtu hakuweza kuvuka kutoka kartie moja kwenda nyingine, sisi tuliokuwa hatupatani juu ya kitu chochote tulikuwa bado tunapatana juu ya kitu kimoja, kwamba Mambuti ni wa chini.

Naye alikufa pia. Mwisho wa mwaka 2002 na mwanzo wa 2003, waasi walipopita upande wa Mambasa, Bambuti waliuawa msituni kwao. Mei 2003 mjumbe wao alisimama kwenye Umoja wa Mataifa kule New York akasema watu wake wanawindwa kama wanyama. Huko walisikia. Hapa sijui kama tulisikia. Tulikuwa na wafu wetu.

Sasa tupande gari.

Kutoka Bunia mpaka Komanda ni kilometa 75, na pale njia inageuka kuingia msituni kwenda Mambasa. Siku hizi mtu hasafiri huko bila kuomba kwanza, sababu ya waasi wanaochoma magari na vijiji. Hali ya kuzingirwa ilitangazwa Ituri Mei 2021, lakini bado tulizika watu wengi baada ya hapo. Nilikwenda wakati ambapo njia ilikuwa imetulia kidogo. Tulikuwa wengi ndani ya gari. Alikuja Mambuti mmoja, mzee mwenye mvi, na mjukuu wake. Alilipa nauli ileile niliyolipa mimi. Niliona pesa kwa macho yangu. Konvuayeri akaiweka mfukoni, akamwonyesha juu, juu ya mifuko ya saruji na mitungi ya mafuta. Ndani kulikuwa bado na nafasi moja. Nafasi hiyo alipewa baadaye kijana mmoja mwenye simu kubwa, aliyepandia njiani.

Mzee alipanda bila neno. Mjukuu alipanda nyuma yake. Mvua ilinyesha tulipopita Komanda. Lumumba, katika hotuba yake ile, alikumbusha pia Weusi waliosafiri chini ya meli, chini ya miguu ya Wazungu waliokuwa kwenye vyumba vizuri. Mimi nilikuwa nimekaa pakavu, Biblia magotini, na nilikuwa nayakumbuka maneno hayo yote. Sikufungua kinywa. Nilijiambia nisilete ugomvi njiani.

Mbele ya Mambasa njia inaendelea mpaka Epulu, ndani ya hifadhi ya okapi iliyoanzishwa mwaka 1992. Nitakueleza jambo moja juu ya hifadhi hiyo, maana wengi wetu hatulijui. Mwaka 1904 Mmarekani mmoja alimpeleka kijana mfupi wa Kongo, Ota Benga, kwenye maonyesho ya St. Louis. Huyu hakuwa wa Ituri, alitoka upande wa Kasai. Mwaka 1906 alitiwa katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, ndani ya nyumba ya nyani, na watu walilipa nauli zao kuja kumwangalia. Waliomtoa ni wachungaji Weusi wa Kibatisti wa mji ule. Walipiga kelele mpaka wakubwa wakaona haya. Lakini alikuwa amevunjika moyo. Mwaka 1916 alijiua kule Lynchburg, jimbo la Virginia. Shirika lenye bustani ile liliomba msamaha Julai 2020, miaka 114 baadaye. Na shirika hilohilo, tangu mwaka 2019, ndilo linasaidiana na serikali yetu kuongoza hifadhi ya Epulu, nyumbani kwa Bambuti. Sisemi hivyo kwa ubaya. Kuomba msamaha ni kitu kizuri, hata kikichelewa. Nilichofikiria mimi ni wale wachungaji. Hawakuwa na sheria yoyote nyuma yao.

Sisi tunayo. Sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 inalinda haki za wenyeji hawa: desturi zao, ardhi yao, msitu wao, na inakataza kuwabagua. Watu wa haki za binadamu walifanya kazi ya miaka mingi ili ipite. Hata jina lilibadilishwa. Katika mikutano ya mashirika hatusemi tena "Mambuti," tunasema "peuple autochtone," na kwa kifupi "PA." Basi sasa Bunia utasikia mtoto akimtukana mwenzake mchafu: "We, unanuka kama PA!" Jina jipya halikumaliza hata miaka mingi kabla halijachakaa kama lile la kwanza. Masomo ya msingi ni ya bure tangu Septemba 2019, na watoto wa Bambuti wamo kalasini, asante kwa Mungu. Lakini keti nyuma ya kalasi siku moja, uone benchi lao lina nafasi.

Na kuna mengine ambayo gazeti la jamaa haliwezi kuyaandika yote. Kwa kifupi: wako wanaume wanaoamini kwamba kulala na mwanamke wa Kimbuti kunaponya maumivu ya mgongo. Mwanaume huyohuyo hawezi kupokea maji mkononi mwake.

Nimefika kwenye kikombe.

Kwa miaka tisa mzee mmoja, Mambuti, alituletea asali nyumbani Bunia, mara mbili au tatu kwa mwaka. Siyo yule wa gari, mwingine. Tulimpokea vizuri, au tulifikiri hivyo. Tulimlipa bei nzuri. Tulimpa chakula. Katika kabati yetu kulikuwa na vikombe vya kioo na vya malata, na kulikuwa na kimoja cha plastiki, cha bluu, kilichopasuka kidogo ukingoni. Hicho kilikuwa chake. Hakuna aliyesema. Siku moja binti yangu mdogo, akiwa na miaka mitano, alitaka kumpelekea maji ndani ya glasi. Dada yake mkubwa akamnyang'anya: "Hapana ile! Ile ni ya batu."

Nilikuwa nimeketi palepale. Mzee naye. Anajua Kiswahili vizuri kuliko wewe na mimi. Alipokea kikombe cha bluu, akanywa, akasema asante.

Safari ile ya Mambasa nilikwenda pia kumtafuta, maana alikuwa hajaonekana mwaka mzima na tulisikia habari mbaya za upande wao. Nilipofika kwenye kambi yao kando ya njia, nikataka kumwulizia, nikagundua sina jina la kuuliza. Miaka tisa! Nilisema, namtafuta mzee fulani, anauza asali, anakuja Bunia. Walicheka. Wazee wote walio hai kule wanauza asali. Vijana wakanizunguka, wakaniuliza mimi ni nani. Nikasema mimi ni mchungaji wa Bunia, nakaa sehemu fulani. Mama mmoja akapiga makofi: "Aa! Huyu ni Pasteri Kopo Bluu!"

Hivyo ndivyo wanavyoniita. Kambi nzima inajua.

Walimwita, akatoka, amekonda, mguu mmoja una kidonda. Alifurahi kuniona kweli, na hilo lilinichoma kuliko kama angekasirika. Tuliketi. Mke wake akaniletea maji ndani ya kikombe cha malata, na nikaona wazi kwamba ni kimoja tu walichonacho, maana mzee alingoja nimalize, kisha akanywa yeye kwa kikombe hichohicho, na mjukuu wake baada yake. Nilimwuliza jina. Akaniambia jina lake, la baba yake na la babu yake, na jina la mto alikozaliwa. Sitaliandika hapa, sikumwomba ruhusa. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia miaka yote. Akasema, "Pasteri, weye hukuuliza."

Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kuomba radhi. Niliyasema. Hakuyajibu sana, aliuliza bei ya dawa ya kidonda Bunia, na kama asali bado inanunuliwa. Tulisema juu ya hayo mpaka gari ikaja. Safari ya kurudi niliketi ndani tena. Hakukuwa na Mambuti garini, basi sikujaribiwa.

Nilipofika nyumbani nilimweleza mke wangu kila kitu, na nilieleza, nakiri, kama mtu anayemlaumu mwenzake, maana kabati ni yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Papa, ile kikombe ni weye ulileta. Mara ya kwanza alipokuja. Ulitoka nayo kwenye biro, ukasema tumupe na hii." Nilitaka kubisha. Nikakumbuka. Ni kweli.

Kikombe cha bluu sasa ni cha maji ya kuku. Mzee alikuja tena wakati wa masika, mguu umepona, na chupa nne. Tulimwita kwa jina lake, watoto wakamwita babu, akanywa chai ndani ya glasi, mezani. Wakati huo jirani yetu mmoja aliingia kuomba chumvi. Ni mtu mwema, mwimbaji wa kwaya. Mwaka mke wangu alipolazwa, yeye ndiye alipikia watoto wetu wiki tatu. Alisalimu, akamwangalia mzee, akaangalia glasi, akapokea chumvi, akatoka.

Bado anakuja kwetu, tunazungumza, tunaomba pamoja. Lakini tangu siku ile, tukimkaribisha maji, anasema hana kiu.